Waliojua na wakanyamaza

Kapteni George Stacy alifia mikononi mwa Spider-Man mwaka 1970, kwenye toleo la 90 la katuni ya Amazing Spider-Man. Juu ya paa Spider-Man anapambana na Doctor Octopus, bomba la moshi linavunjika, matofali yanaporomoka kuelekea barabarani, na pale chini amesimama mtoto mdogo. Stacy ni ofisa wa polisi mstaafu, kichwa kizima mvi. Anamkimbilia mtoto, anamwondoa, kifusi kinamwangukia yeye. Spider-Man anamfukua na kumbeba, na ndipo mzee anamwita kwa jina lake: Peter. Anamwomba amtunze Gwen, binti yake, kwa kuwa binti huyo anampenda. Kisha anakata roho.

Peter Parker hakuwa amemwambia. Miezi michache kabla ya hapo, akiwa na homa na akidhani nguvu zake zinamwishia, aliingia kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Gwen ameshika barakoa mkononi, akatamka mbele ya watu kwamba yeye ndiye Spider-Man. Homa ilipopoa akamwomba kijana mwingine, Hobie Brown, avae lile vazi na kujitokeza mahali ambapo Peter mwenyewe yupo, ili marafiki waamini kuwa yale yalikuwa maneno ya mgonjwa. Marafiki wakaamini. Kapteni Stacy alikuwa mtu wa upelelezi, tena alikuwa amemfuatilia Spider-Man kwa muda mrefu kwa udadisi wake mwenyewe. Yeye hakusema kitu. Aliendelea kumpokea kijana yule kama siku zote, akaendelea kumwachia atoke na binti yake, na alichokijua akakaa nacho mpaka dakika ile ya mwisho, alipokitoa kwa sababu alikuwa na ombi.

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi kwenye kliniki ya CTC mjini Morogoro, wanakochukulia dawa watu wanaoishi na VVU, na kwa kuwa mji wetu si mkubwa sana, wengi wao nawafahamu nje ya kazi. Tunapanda daladala moja, tunanunua mchicha kwa mama mmoja, tunakaa misiba ileile. Utaratibu tuliofundishwa ni mfupi: mteja ndiye aanze kusalimia. Akinisalimia kama jirani, naitikia kama jirani. Akinipita kana kwamba hatujawahi kuonana, na mimi napita. Mama mkwe wake akituuliza tumefahamiana wapi, namsubiri yeye ajibu, na jibu lolote atakalotoa ndilo litakuwa langu. Mifano ninayo, na haitaandikwa hapa wala popote.

Ndiyo maana hadithi za mashujaa wenye maisha mawili nazisoma kwa namna yangu. Mwanangu, aliyeko kidato cha tatu na ndiye anayenitafutia matoleo ya zamani kwenye simu, anamtazama aliyevaa barakoa: ana nguvu gani, adui wake nani, akikutana na fulani nani atashinda. Mimi namtafuta aliye pembeni. Nani anajua? Alijuaje? Na baada ya kujua, kesho yake walisalimiana vipi?

Mtu huyo wa pembeni amechukua muda kupewa nafasi yake. Kwenye riwaya ya The Scarlet Pimpernel ya mwaka 1905, Sir Percy Blakeney ni tajiri wa Kiingereza anayejifanya hana akili zaidi ya kupenda nguo nzuri, kumbe ndiye anayewatorosha watu wasikatwe vichwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Mke wake Marguerite anaishi naye na hajui lolote, na kwa kutojua huko nusura amtie mikononi mwa adui. Mwaka 1919 akaja Zorro wa Johnston McCulley: Don Diego mvivu, mlegevu, anachumbia msichana anayemdharau, na msichana huyohuyo anampenda Zorro. Kisha 1938, vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wakauchukua mkasa huo na kumpa Superman. Lois Lane yumo tangu toleo la kwanza kabisa. Anamdharau Clark Kent, anamtamani Superman, kumbe wawili hao ni mtu mmoja.

Na akaachwa katika hali hiyo zaidi ya miaka 50. Kwenye mfululizo mkuu, Clark alimwambia Lois ukweli mwaka 1991, Action Comics toleo la 662, na hapo tayari alikuwa amekwisha kumchumbia kama Clark. Harusi ilifuata 1996. Katikati, hasa miaka ya 1950 na 1960, ziliandikwa hadithi nyingi ambazo Lois anakusanya ushahidi, anatega mtego, anakaribia kabisa, halafu Superman anamtuma roboti anayefanana naye asimame kando ya Clark ili Lois aonekane kachanganyikiwa. Hadithi hizo zinaniumiza. Huyu ni mwandishi wa habari, kazi yake kugundua, tena anasifiwa kwa kugundua mambo ya kila mtu mwingine. Akigundua hili moja anafanywa mjinga na mtu anayesema anampenda. Kumficha mtu jambo kwa ajili ya usalama wake naelewa. Kumfanya asiziamini akili zake mwenyewe ni jambo jingine, na sijapata kuona mwandishi wa hadithi zile akilitetea vizuri.

Watu wengi wanakwama kwenye miwani ya Clark. Inawezekanaje miwani imfiche mtu? Nawaambia watazame filamu ya 1978, pale Christopher Reeve, anayemcheza Superman, yuko nyumbani kwa Lois, Lois ameingia chumbani kuchukua kitu. Anavua miwani, mabega yanapanda, mgongo unanyooka, sauti inashuka, na kwa muda mfupi amesimama pale Superman kavaa suti ya Clark. Anataka kusema. Halafu anaghairi, anairudisha miwani, mwili wote unasinyaa. Hakuna ufundi wa kamera pale, ni mwili wa mtu tu. Nami nimeona watu wakilifanya hilo mlangoni mwa kliniki, wakitoka, kabla hawajafika barabarani.

Ila maelezo yaliyoniridhisha kuliko yote kuhusu kwa nini watu hawajui, niliyapata kwa Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman. Mwaka 1987 John Byrne aliandika hadithi ambayo Luthor anakusanya kila taarifa inayopatikana kuhusu Superman na kuiingiza kwenye kompyuta. Kompyuta inatoa jibu lililo sahihi: Clark Kent ndiye Superman. Mtaalamu aliyeifanya kazi hiyo analeta jibu kwa fahari. Luthor anamfukuza kazi. Mtu mwenye uwezo wa kuinua milima, anasema, hawezi kukubali kuonekana mtu wa kawaida. Yeye mwenyewe asingekubali, kwa hiyo haiwezekani. Ushahidi wote umo mkononi na anautupa, kwa kuwa unamtaka aamini kuna mtu mwenye nguvu asiyetaka kuabudiwa.

Mweke Luthor upande mmoja, na upande wa pili muweke Pete Ross. Hadithi ya Pete ni ya 1961, wakati ule Superman anaandikwa akiwa bado kijana, Superboy, kule Smallville. Pete na Clark wamekwenda kupiga kambi. Usiku mvua na radi, Clark anadhani mwenzake amelala, anabadili nguo hemani. Radi inapiga, hema lote linakuwa jeupe, na Pete anaona. Hana kompyuta, hana maabara. Ni mtoto wa shule. Anafunga macho, anajifanya kalala, na tangu siku hiyo kazi yake ni kumsaidia Clark kuficha siri bila Clark mwenyewe kujua kwamba anasaidiwa. Akihitaji kisingizio cha kuondoka darasani, Pete anakitengeneza. Mashujaa wa karne nyingine, Legion of Super-Heroes, wakamfanya mwanachama wa heshima kwa ajili ya hilo tu. Clark hajui. Nampenda Pete kuliko nusu ya wenye nguvu za ajabu.

Mwanangu hakubaliani nami hapa. Anasema, "Mama, rafiki wa kweli angemwambia." Anaona ni uongo wa aina yake, kujua na kujifanya hujui. Nilimweleza kwamba Clark alikuwa na haki ya kuchagua ni nani wa kumwambia na lini, na kwamba Pete aliona kitu ambacho hakuonyeshwa. Kitu ambacho hukuonyeshwa hukirudishi kwa mwenyewe ukimwambia nimekiona, isipokuwa akikuuliza. Hajashawishika. Ana miaka 16, ataendelea kufikiri.

Kuna kundi la wanaojua ambalo kwangu ni la nyumbani kabisa: wanaofunga vidonda. Alfred, mtumishi wa nyumbani kwa Batman, alipoingia mara ya kwanza, 1943, alikuwa mtu mnene wa kuchekesha mwenye ndoto za upelelezi, akaifumania siri kwa bahati. Baadaye waandishi walimjenga upya, akawa ndiye aliyemlea Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, tangu usiku ule wazazi wake walipopigwa risasi, kwa hiyo hakuwa na siri ya kugundua. Aliiona inazaliwa. Huyu Alfred wa pili ndiye anayesubiri alfajiri na maji ya moto, nyuzi na koleo. Katika hadithi nyingi wanamtania kwa maneno yake makavu, lakini mimi natazama mikono. Mtu anayemshona mtoto aliyemlea, akijua kesho usiku atamshona tena mahali pengine, na bado anamwandalia chai. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Alfred ndiye kata ya nyumba ile.

Marvel, kampuni ya katuni za Spider-Man, walikuwa na muuguzi wao. Mwaka 1972 walitoa katuni iitwayo Night Nurse, ya wauguzi wa zamu ya usiku New York, ikiwalenga wasichana, na baada ya matoleo manne ikafa. Mmoja wa wauguzi hao, Linda Carter, alirudishwa mwaka 2004 ndani ya katuni ya Daredevil iliyoandikwa na Brian Michael Bendis. Sasa ana kliniki isiyo na kibao, inafanya kazi usiku, na mashujaa wanabisha hodi wakiwa wamechanika. Haulizi jina. Nilipoisoma nilifurahi sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona mtu aliyeelewa kuwa siri ya hawa watu inakaa mwilini. Unaweza kubadili nguo, sauti na mwendo, lakini kovu liko palepale, na muuguzi ataliona.

Tamthilia ya Daredevil ya Netflix ya 2015 ililichukua wazo hilo ikampa Claire Temple, aliyechezwa na Rosario Dawson. Claire, muuguzi, anamkuta Matt Murdock, ambaye ndiye Daredevil, ametupwa kwenye pipa la taka, anamwingiza nyumbani kwake, anamvua barakoa. Hakumvua kwa udadisi. Mgonjwa aliyepigwa kichwani lazima umtazame macho, na macho ya huyu hayaitikii mwanga, na mwenyewe hashtuki. Hapo anaelewa kuwa ni kipofu. Anajifunza jambo kubwa kuliko jina, na jina bado hana, kwa hiyo anamchagulia: Mike. Sisi tunatumia namba iliyoandikwa kwenye kadi. Kazi inafanyika vilevile. Waandishi wa onyesho lile walikosea mambo kadhaa ya kitabibu, lakini mpangilio wa kujua walipata: kwanza mwili, jina baadaye, tena likitolewa na mwenyewe.

Kuhusu Daredevil, siwezi kuendelea bila Ben Urich. Hii ni hadithi ya 1980, toleo la 164, ya Roger McKenzie na Frank Miller. Urich ni mwandishi wa gazeti la Daily Bugle, mvutaji wa sigara, koti limechakaa. Amefuata nyayo za Daredevil hatua kwa hatua na zimempeleka kwa wakili kipofu, Matt Murdock. Daredevil amelazwa hospitalini, ameumizwa vibaya na Hulk. Urich anaingia wodini, anaketi, anamsomea alichokigundua. Matt anaona hakuna pa kukimbilia, anakubali, anamsimulia maisha yake tangu mwanzo. Urich sasa ana habari ambayo ingembadilishia maisha. Mwandishi yeyote angeiota. Amekwisha kuiandika. Anaichoma moto palepale.

Ninachopenda ni kwamba hakuna aliyemwomba kwa nguvu wala kumtisha. Hakupewa fedha. Na hakuacha uandishi, aliendelea kuandika habari za wahalifu wakubwa mpaka wakamvunja vidole. Alijua tofauti ya jambo ambalo umma unalihitaji na jambo ambalo umma ungelipenda tu. Naandika haya nikiwa na hakika kwamba kuna wahariri wengi, hapa kwetu na huko Marekani, wasioijua tofauti hiyo.

Halafu 1986 ikaja upande wa pili. Karen Page aliwahi kuwa katibu kwenye ofisi ya Matt, walipendana, Matt akamwambia siri yake. Karen aliondoka kutafuta maisha ya uigizaji, mambo yakaharibika, akaingia kwenye heroini. Katika hadithi ya Frank Miller na David Mazzucchelli yuko Mexico, hana kitu, na anauza jina la Daredevil kwa dozi moja. Jina linapanda kutoka mkono hadi mkono mpaka linafika kwa Kingpin, mkuu wa wahalifu. Kingpin hana haraka. Anafungia akaunti za benki za Matt, anamnyang'anya leseni ya uwakili, analipua nyumba yake. Na kila aliyelishika jina lile njiani anauawa, kwa hiyo Karen naye anaanza kukimbia kuokoa roho yake.

Kwenye mijadala ya mashabiki Karen anatukanwa sana. Msaliti. Mimi nimefanya kazi na waraibu wa heroini, nimeona mtu akiuza godoro analolalia mtoto wake, na sijawahi kuona mmoja aliyefanya hivyo kwa kuwa hampendi mtoto. Arosto ikimshika mtu, mwili wote unaomba kitu kimoja. Matt ndiye aliyejua hili kabla ya wasomaji wake. Alipomkuta Karen hakumdai maelezo. Alimkumbatia, wakaanza kuishi pamoja kwenye chumba kidogo, yeye mpishi kwenye mgahawa. Hadithi nzima ina vurugu nyingi sana, lakini msingi wake ni huo: aliyeuzwa anampokea aliyemuuza, kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Mary Jane Watson, aliyekuja kuwa mke wa Peter Parker, naye aliwakalisha watu kimya mwaka 1984, aliponyoosha kidole na kumwambia Peter kwamba amekuwa akijua. Miaka mitano baadaye ikatoka hadithi iliyoeleza alijua tangu lini: tangu usiku ambao Uncle Ben, aliyemlea Peter, aliuawa, akiwa dirishani kwa shangazi yake, nyumba ya jirani, akamwona Peter anaingia ndani na Spider-Man anatokea. Inabidi urudi usome upya kila alipocheka, kila alipocheza muziki, kila alipojifanya hajali kitu duniani. Wapo wanaosema ni kiraka kilichobandikwa baadaye. Ni kweli kilibandikwa baadaye, na kinamkaa vizuri kuliko vazi lake la kwanza.

Aunt May, mjane wa Ben, aliijua siri mara mbili, na mara ya kwanza ikafutwa. Mwaka 1995, toleo la 400, alimwambia Peter kuwa alijua siku nyingi, kisha akafa kitandani. Ilikuwa hadithi nzuri sana. Miaka mitatu baadaye ikadaiwa kwamba aliyekufa alikuwa mwigizaji. Ikabidi J. Michael Straczynski aianze tena mwaka 2001: May anaingia na ufunguo wake kwenye chumba cha Peter, anamkuta amelala kama maiti, majeraha kila mahali, vazi limechanika pembeni. Baadaye wanaketi kuzungumza, toleo zima ni mazungumzo yao wawili, na inajulikana kwamba kila mmoja miaka yote alijilaumu peke yake kwa kifo cha Ben. Hakuna ngumi hata moja. Mwanangu aliliruka. Mimi nilimwomba dada yangu alisome, na yeye hasomi katuni.

Anayefanana na mimi zaidi ni Muneeba, mama yake Kamala Khan. Kamala ndiye Ms. Marvel, binti wa familia ya Kiislamu yenye asili ya Pakistan huko Jersey City, alianza kuwa na kitabu chake 2014. Mwaka 2015, dunia yao iko ukingoni kuisha, Kamala anakwenda kumwambia mama yake. Mama anamwambia najua. Alikuwa ameziona dalili zote: binti anatoka usiku, anachelewa, anadanganya. Mama yeyote akiona hayo anajua anachokiogopa. Na alipogundua kwamba mtoto anatoroka nyumbani kwenda kuokoa watu, alimshukuru Mungu. Nilisoma ukurasa huo usiku mwanangu akiwa bado hajarudi kutoka mazoezini.

Upo pia ukimya wa umma, na huo niliuona kwenye kibanda umiza cha Mwembesongo, nikiwa bado msichana, Spider-Man 2 ya mwaka 2004 ikiwa imeingizwa sauti ya Kiswahili. Spider-Man amesimamisha treni kwa mwili wake, barakoa imetoka, anazimia. Abiria wanampokea, wanampitisha juu ya vichwa vyao mpaka ndani, wanamlaza chini, wanaona kuwa ni kijana mdogo tu. Watoto wawili wanamrudishia barakoa na kuahidi hawatasema. Kibanda kile kilikuwa na kelele tangu mwanzo wa filamu, watu wanashangilia kila ngumi. Pale hakuna aliyeshangilia. Hata mtafsiri alipunguza maneno.

Hayo yote yalibadilika mwaka 2008, Tony Stark aliposimama mbele ya waandishi na kujitaja kuwa ndiye Iron Man. Tangu hapo filamu nyingi hazina tena habari na siri, na nadhani zimepoteza kitu, ila sitakaa sana hapo.

Ninachotaka kukisema kwa nguvu ni kuhusu kufuta. Mwisho wa filamu ya Superman II, mwaka 1980, Lois anajua na anaumia kwa kujua. Clark anambusu, na busu hilo linaifuta kumbukumbu yake. Hakumuuliza. Mwaka 2006, kwenye katuni, Peter Parker alivua barakoa mbele ya kamera, matokeo yake Aunt May akapigwa risasi, na mwaka 2007 ndoa ya Peter na Mary Jane ikatolewa kwa shetani aitwaye Mephisto ili May apone, na dunia nzima ikasahau siri. May aliyeketi na kuzungumza usiku ule hakumbuki alichosema. Mashabiki walikasirika kwa ajili ya ndoa. Mimi nilikasirika kwa ajili ya May. Kujua kwake kulikuwa mali yake, alikulipia kwa machozi, kukachukuliwa kana kwamba kulikuwa mali ya Peter peke yake. Kwa sababu hiyo filamu ya Spider-Man ya 2021, No Way Home, naiheshimu zaidi: kumbukumbu zinafutwa vilevile, lakini MJ, mpenzi wake Peter, na rafiki yao Ned wanaambiwa kabla, wanaaga, na MJ anamtaka aje amtafute amweleze upya. Peter anakwenda dukani MJ anakofanya kazi, karatasi ya maneno ya kusema iko mkononi, anamwona ana plasta kwenye paji la uso, na hasemi. Safari hii Peter ndiye anayejua na kunyamaza. Mzigo umehamia kwake na ameubeba.

Msomaji naye yumo kwenye orodha ya wanaojua. Binamu yangu wa Nairobi aliwahi kuniletea matoleo ya Shujaaz, katuni ya Sheng iliyoanza 2010 na kupata tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012. Boyie amemaliza shule, hana ajira, anarusha redio ya siri kutoka chumbani kwake akijiita DJ B. Wasikilizaji wake ndani ya hadithi wanajua sauti tu. Sura tunaijua sisi tuliofungua karatasi.

Nimalizie na ubishi ambao nyumbani kwetu haujaisha. Batman: Year One, ya Frank Miller na David Mazzucchelli, 1987. Mtoto mchanga wa James Gordon, ofisa wa polisi, anaanguka kutoka darajani. Mwanaume asiye na barakoa, ambaye ndiye Batman, anaruka nyuma yake, anamdaka, anaanguka naye mtoni, anamtoa mzima. Gordon amepoteza miwani kwenye purukushani. Anampokea mtoto, anamtazama yule mtu, anamwambia kwamba bila miwani haoni kitu. Ving'ora vinasikika, anamwambia aende. Mwanangu anasema Gordon kweli hakuona, maana baada ya hapo haonyeshi popote kwamba anajua. Mimi nasema aliona. Raia wa kawaida aliyeokoa mtoto mtoni, polisi humwomba asubiri, atoe maelezo, apewe blanketi, apelekwe hospitali. Gordon ni polisi na anaufahamu utaratibu huo kuliko yeyote pale. Hakuna sababu ya kumwambia mtu huyo aondoke kabla wenzake hawajafika, isipokuwa anajua ni nani wanayemtafuta.